Kamera inajipiga bure: tusome picha tupu mbele ya kununua mapile mengine

Katika zile wiki mupunga unaanza kujaza mbegu, maulizo yenye yanafika ku biro yetu mara mingi yako juu ya kamera za pori. Koperative za kando ya pori ziliazima zile kamera ili zijue ni munyama gani anaingia katika shamba na anapitia wapi, kusudi wawindaji na walinzi wasikeshe usiku muzima ku njia yenye haiko yake. Lakini kisha siku tisa ao kumi, karte inarudi imejaa majani. Majani, jua, majani tena. Mapile nane yamekwisha, na nguruwe wa pori amekula.

Hapo watu wanaanza kutafuta mwenye kosa. Katika koperative moja ya Maniema, komite ilimushitaki kijana mwenye kulinda kamera. Walisema alifuta picha za wanyama ili auzie wawindaji wa kijiji kingine habari. Wengine walisema kamera imekufa. Muzee mumoja aliniuliza kwa upole: « Agronome, hii kamera inaona roho? » Nikamujibu: « Hapana, Papa, inaona joto. » Tulifungua karte mbele ya wote. Namba za picha zilifuatana moja kwa moja, bila kuruka hata moja. Kama mutu anafuta picha, namba yake inakosekana. Kijana hakufuta kitu. Kisha tukaandika saa za picha katika kaye, na ndani ya nusu saa tulijua juu ya nini kamera ilikuwa inajipiga.

Ile kazi ya nusu saa njo somo la leo.

Kamera iko na macho mawili

Angalia kamera uso kwa uso. Kuna kioo kidogo cha mviringo: lile ni jicho la picha. Chini yake, ku kamera mingi, kuna kipande cha plastiki nyeupe chenye mistari: lile ni jicho la joto. Jicho la picha linalala. Jicho la joto njo halilale, na ni lenyewe linaamusha lile lingine.

Jicho la joto halijue sura ya nguruwe. Halijue hata kama kitu kiko na miguu. Ile plastiki inagawanya eneo la mbele katika vipande-vipande, sawa vitalu vya mboga, na jicho linapima joto lenye linatoka katika vile vipande. Kama kitu chenye joto kupita vitu vya nyuma yake, ao chenye baridi kuliko vile vitu, kinatoka katika kipande kimoja na kuingia katika kingine, jicho linasema kuna kitu, na picha inapigwa. Kwa hiyo inaomba mambo mawili pamoja: tofauti ya joto, na mwendo.

Jiwe lenye limepashwa na jua halipigishe kamera, juu halitembee. Lakini chukua jani la mugomba lenye limekaa katika jua tangu asubui. Upepo unakuja, unalitikisa mbele ya kivuli cha baridi. Pale joto liko na mwendo uko. Kwa jicho la joto, lile jani ni munyama kabisa, na kamera inafanya tu kazi yake. Mugomba ni mubaya kuliko mimea yote mbele ya kamera: jani lake ni kubwa, linashika joto, na upepo mudogo tu unalisukuma. Muhogo unafuata. Na jani dogo lenye liko santimetre 30 mbele ya jicho linasumbua kuliko muti muzima wenye uko metre 15.

Saa ya picha ni ushahidi wa kwanza

Kila picha iko na tarehe na saa chini yake. Watu wengi hawaisome. Wanaangalia tu kama kuna munyama, kisha wanafuta. Tafazali, musifute. Picha tupu iko na habari.

Kwanza hakikisha kama saa ya kamera iko sawa. Kamera inahesabu tangu katikati ya usiku: 13:00 ni saa saba ya muchana, 19:00 ni saa moja ya usiku. Sisi wa mashariki tuko mbele ya Kinshasa kwa saa moja, basi usipange kamera kwa kufuata redio ya Kinshasa. Na kama picha zote zinaonyesha tarehe 1 ya mwezi wa kwanza wa mwaka fulani wa zamani, ni kusema saa ilirudi ku mwanzo wakati wa kubadilisha mapile na hakuna mutu aliipanga tena.

Kisha andika saa ya kila picha tupu, na uangalie zinajikusanya wapi.

Kama ziko nyingi kati ya 11:00 na 15:30, ni majani na jua. Udongo umepashwa, majani yamepashwa, na upepo wa muchana umeamka.

Kama zinajikusanya asubui kati ya 6:00 na 8:00, ao mangaribi kati ya 16:30 na 18:00, kamera inaangalia jua ndani ya macho. Mara mingi picha yenyewe inakuwa nyeupe upande mumoja.

Kama zinakuja kila saa yenye upepo, muchana na usiku, usitafute kosa ku majani. Gusa muti wenye umebeba kamera. Kama muti unatikisika, kamera inatikisika, na kwa jicho la joto ni pori lote linatembea.

Kama zinafuatana kwa kipimo kimoja, mufano kila dakika tano bila kukosa, usiku na muchana, jicho la joto haliko na kosa. Mutu aligusa menu akaweka kamera ipige kwa saa iliyopangwa. Rudi ku menu, uondoe ile. Dawa yake ni ya dakika moja.

Na kama ni za usiku, ziko chache, safi, bila mvua wala wadudu, na hakuna kitu ndani yake, hizo muziweke pembeni. Zinastahili sehemu yake.

Picha tupu yenye haiko ya bure

Hapa njo wengi wanapoteza nguruwe wao. Jicho la joto linaweza kuona upana kupita jicho la picha. Munyama anafika kando, jicho la joto linamushika, linaamusha lile lingine, na kamera nayo inahitaji kitambo kidogo ili ipige. Kamera zingine zinachukua chini ya nusu seconde, zingine zinapitisha seconde moja. Nguruwe mwenye anakimbia kwenda ku muhogo hangoje seconde moja. Picha inapigwa na yeye ameisha kupita. Wewe unaona majani, unasema kamera inajipiga bure, unapunguza ukali wake, na usiku wenye unafuata haione kabisa.

Namna ya kujua? Panga kamera ipige picha tatu-tatu kila mara inapoamuka. Kisha weka zile tatu kando-kando na utafute tofauti: nyasi imelala katika picha ya kwanza na imesimama katika ya tatu, mukia ku pembe, jicho lenye kungaa nyuma ya muti, vumbi. Kesho asubui enda pale chini utafute nyayo. Kama kuna nyayo, picha haikuwa ya bure, kamera iliwekwa vibaya.

Dawa iko ku namna ya kuelekeza. Watu wanapenda kuweka kamera iangalie njia kwa kuikata katikati, sawa mutu mwenye amesimama kando ya barabara. Munyama anapita mbele ya kioo ku kitambo kidogo tu. Geuza kamera iangalie njia kwa kuinama upande, nusu ya pembe ya kaye, ili munyama akae katika picha wakati anatembea. Lakini usiielekeze moja kwa moja ndani ya njia, juu jicho la joto linaona muzuri kitu chenye kukatiza vipande vyake, na linachelewa kuona kitu chenye kuja uso kwa uso. Kamera ikae metre 3 mpaka 5 kutoka njia. Kwa nguruwe, urefu wa santimetre 50 ao 60 unatosha. Kwa simbiliki, shusha chini ya goti. Kamera yenye imefungwa ku kifua cha mutu muzima, simbiliki anapita chini yake na kichwa chake hakionekane.

Kisha fanya majaribio. Kamera mingi ziko na namna ya kujaribu: taa ndogo nyekundu inawaka kila mara jicho la joto linaona kitu. Tambaa kwa mikono na magoti, ku urefu wa nguruwe, kwa mwendo wa nguruwe, upite ku njia yake. Watoto watacheka. Waacheni wacheke. Kama taa haiwake mpaka unafika katikati, geuza kamera. Kama inawaka na hakuna mutu mwenye anatembea, tafuta ni jani gani.

Muti, majani na jua

Funga kamera ku muti wenye unene wa paja la mutu mukubwa, ao ku nguzo yenye imefukiwa muzuri mpaka haitikisike ukiisukuma kwa mukono. Muanzi hapana. Mukalitusi mwembamba hapana. Mupapai, hata usijaribu.

Karibu na equateur jua linatoka mashariki na kuingia magaribi mwaka muzima, na katikati ya muchana liko juu ya kichwa. Kwa hiyo kamera iangalie kaskazini ao kusini. Mutu wa Lubero na mutu wa Kindu wote wawili wanaweza kufuata hii. Na kama inawezekana, kamera yenyewe ikae katika kivuli: sanduku lake likipashwa na jua, kisha wingu linapita, kisha jua linarudi, jicho la joto linaweza kudanganyika. Epuka pia bati la nyumba na maji yenye kurudisha mwangaza. Wakati wa kuchoma mashamba, ondoa kamera kabisa: moshi wa moto na magogo yenye yangali na joto yanaipigisha usiku kucha, tena moto hauombe ruhusa.

Shamba la mupunga ni shida ya pekee. Likiwa nyuma ya njia katika picha, shamba lote linatembea na upepo, na lote limepashwa. Usiangalie shamba. Simama kando ya shamba, uelekeze kamera upande wa pori, pale kuna kivuli, ao uiinamishe kidogo ili nyuma ya munyama kuwe udongo wa njia tu. Kata nyasi na matawi mbele ya kamera mpaka ku njia, lakini usifagie njia sawa kiwanja cha kanisa. Nguruwe mukubwa anaona mabadiliko na anazunguka. Katika wakati wa mvua nyasi inarudi mbio, kwa hiyo panga kukata kila wiki mbili.

Sasa, ukali wa jicho. Katika menu za Kifaransa unaandikwa « sensibilité », na mara mingi kuna vipimo vitatu. Watu wanakimbilia kuupunguza siku ya kwanza. Mimi naona iwe dawa ya mwisho, zaidi kwa walimaji wa chini. Kindu iko karibu metre 500 tu juu ya bahari, na kuna mangaribi mengine hewa na udongo viko na joto karibu na la ngozi ya munyama. Tofauti inakuwa ndogo, na jicho lenye ukali mudogo linamukosa. Kule weka ukali wa juu na upigane na majani kwa panga. Katika milima ya Lubero, usiku wa baridi, munyama anaonekana sawa kaa la moto; ukali wa katikati unatosha, na picha za bure zinapunguka.

Kuna dawa ingine yenye napenda kupita hiyo. Kamera zingine zinakubali kupangiwa saa za kazi. Nguruwe wa pori, nungu na simbiliki wanakuja zaidi usiku. Kama umeisha kujua ni mumoja wao anakula, panga kamera ifanye kazi kuanzia 17:30 mpaka 6:30, na picha zote za jua la muchana zinakwisha siku ile ile. Lakini wiki ya kwanza acha iangalie usiku na muchana, juu makako na nyani wanaiba mahindi muchana, na mushitakiwa wa usiku anaweza kuwa hana kosa.

Kuhusu muda wa kungoja kati ya picha na picha: ukiweka dakika moja, picha tupu zinapunguka, ni kweli, lakini sababu ingali pale. Tena nguruwe wanatembea kundi. Wa kwanza anapigwa picha, kamera inangoja dakika yake, na wengine wote wanapita.

Wadudu, mvua, mapile

Buibui wanapenda kamera. Utando mbele ya kioo unangaa usiku na kufunika kila kitu, na buibui mwenyewe akitembea juu ya jicho la joto anaweza kulipigisha. Panguza kioo na ile plastiki kwa kitambaa laini kila mara unafika. Angalia pia mupira wa mulango wa kamera, wadudu wadogo wanaweka mayai pale, kisha maji yanaingia. Vidoa vyeupe vya mviringo ku picha za usiku mara mingi ni matone ya mvua ao wadudu wenye kuruka karibu na kioo.

Mapile: usichanganye ya zamani na mapya, wala ya aina mbili. Mapile ya bei ndogo ya redio yanachoka mbio, juu taa ya usiku inakula nguvu mingi. Picha za usiku zikianza kuwa nyeusi na za muchana zingali nzuri, ni mapile yanachoka. Munyama anaweza kuwa ndani ya ile giza.

Watu ku picha

Kamera isiwekwe ku njia ya watu. Chefu wa kijiji ajue iko wapi mbele ya kuifunga. Ku mipaka ya pori kunapita mama mwenye kutafuta kuni, mwindaji, na mara zingine watu wenye silaha, na katika sehemu yetu picha ya mutu inaweza kumuletea hatari, ao kuleta hatari ku mwenye kamera. Kama mutu ametokea ku picha, iangaliwe na wale watu watatu tu wenye komite imechagua, isitumwe ku simu za watu. Jirani mwenye anapita usiku kando ya shamba haikuwa mwizi juu ya picha.

Kwa wawindaji: kamera haileti ruhusa yoyote. Sheria namba 82-002 ya tarehe 28 ya mwezi wa tano 1982 juu ya uwindaji ingali pale, na soko, sokomutu na okapi wanalindwa. Kama mumoja wao ametokea ku picha, habari iende kwa ICCN, haiende kwa mwenye bunduki.

Zoezi la kufanya katika koperative

Tuseme kamera inapiga picha tatu-tatu. Karte imerudi na picha 72, ni kusema kamera iliamuka mara 24. Mara 15 ni kati ya 11:20 na 15:00, majani tu. Mara 4 ni kati ya 17:15 na 17:50, na picha ni nyeupe upande wa kushoto. Mara 3 ni usiku, saa 20:10, 20:12 na 3:40, tupu, nyasi imelala. Mara 2 ni simbiliki.

Ulizeni kwanza: tubadilishe nini, na kwa sababu ya picha gani? Wengi watajibu juu ya zile 15, kwa sababu ziko mingi. Mimi ningeanza na zile 3. Ningeenda pale kutafuta nyayo, ningegeuza kamera iangalie njia kwa kuinama, na kwa kuigeuza hivyo ningeitoa pia upande wa magaribi, hivi zile 4 za mangaribi zingekwisha. Majani ningekata kisha siku tatu, kwa sababu kama unabadilisha mambo yote siku moja, hautajua ni lipi limesaidia.

Katika kaye pigeni mistari ine: saa, kitu chenye kinaonekana, hali ya hewa ya siku ile, na sababu yenye munaizania. Mulinzi wa kamera ajaze pamoja na memba mumoja wa komite, wote wawili waweke sahihi. Animatere atapita mwezi ujao na ordinateur. Mumupe kaye pamoja na karte, na karte iwe na picha zote, hata zile za majani.